Majina ya Wafu Wetu Yako Wapi?



Ieper ni mji mdogo wa Ubelgiji. Vita vya 1914-1918 viliubomoa karibu wote, ukajengwa upya. Nilifika huko mwezi wa Novemba, wakati majani ya miti yapukutikapo. Dhoruba ilivuma, mvua ikatupiga ubavuni, mwavuli wangu ukavunjika. Nikawaza: jioni hii hatatoka mtu nyumbani.

Nilikosa. Ilipotimia saa mbili usiku, magari yalisimamishwa penye Lango la Menin, wapiga tarumbeta wakawapigia wafu heshima. Wazee kwa watoto walinyamaza, maji yakiwachuruzika. Hufanya hivyo kila jioni tangu mwaka 1928, isipokuwa miaka ile Wajerumani walipoushika mji katika vita vya pili. Na katika kuta za lango yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa Uingereza na wa nchi zilizokuwa chini yake, ambao kaburi lao halijulikani.

Niliporudi na kuyasimulia hayo, nilijibiwa maneno matatu. «Hiyo ni desturi ya Wazungu.» «Mungu awajua wafu wake, majina ya nini?» «Kuandika waliouawa ni kuchokoza chuki.» Yote matatu nayakataa.

Kwanza: vita vile vilikuwa vyetu pia. Askari wa Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Pamoja nao walikwenda wapagazi zaidi ya 200,000, wakibeba risasi na chakula kichwani. Wengi walikufa njiani kwa maradhi na uchovu. Lango lao liko wapi? Hata Tume ile iliyochonga majina ya Ieper haikuwachongea wapagazi wa Kiafrika waliowatumikia Waingereza. Mwaka 2021 Tume hiyo ilikiri kosa mbele ya watu wote, ikaomba radhi. Wao wamekiri. Na sisi, je?

Pili: ni kweli, Mungu awajua. Lakini awajua pia wabatizwa wetu, na hata hivyo padri huwaandika. Tena Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1182, yaamuru kwamba mazishi yakiisha, marehemu aandikwe katika kitabu cha wafu. Kitabu hicho si kwa ajili ya Mungu, ambaye hasahau. Ni kwa ajili yetu sisi wasahaulifu. Yuda Makabayo hakusema, «Mungu awajua.» Alichanga fedha, akaipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake walioanguka.

Tatu: chuki. Tangu mwaka 1996 Kivu na Ituri zimezika watu wasiohesabika. Wangapi walifukiwa migombani usiku, bila padri, bila msalaba, bila kuandikwa popote? Mwasema tunyamaze ili tupatane. Lakini tazameni matunda ya kunyamaza! Mahali ambapo wafu hawakuandikwa, kila kabila huhesabu wafu wake na kuwazidisha, na wafu wa jirani huwakana. Uvumi ndio unaolisha chuki, ndugu zangu. Mtu aliyeandikwa kwa jina, siku na mahali hawezi kuzidishwa wala kukanwa. Na mama aliyefiwa na mwanawe atakaposikia jina la mtoto wa jirani wa kabila jingine likisomwa baada ya la wake, atajua kwamba kilio si chake peke yake.

Basi, tufanye nini? Katekista wa kila kijiji na atwae daftari. Awaendee wazee, hasa akina mama, kwani wao wakumbuka. Aandike wote waliokufa vitani, wa kwetu na wa wenzetu, bila kuchagua, wala asiandike neno la kumshtaki mtu. Padri alitunze daftari hilo. Tarehe 2 Novemba majina yasomwe katika Misa, yote, hata kama Misa itakuwa ndefu, hata kama mvua itapiga mabati tusisikilizane vizuri. Kule Ieper nilijifunza kwamba mvua si udhuru.

Msiniambie hatuna fedha za kujenga lango. Sikuomba lango. Kwa pombe ya matanga twajua kuchanga. Daftari moja litatushinda?