Maziwa ya Moto na Hesabu za Chuoni

Juma lililopita mzee mmoja wa hapa Kaisho alinijia ofisini, simu mkononi. Mwanawe yuko chuoni, na somo la muhula mzima wanafundishwa kwa majuma sita. Kijana amesema, "Baba, nimeshindwa, narudi." Mzee akaniuliza, "Karani, ni hesabu gani hizo za kumfukuza mtu chuoni?"

Ni milinganyo ya mabadiliko. Katika hesabu tulizozoea twatafuta namba iliyofichika. Hapa twajua kitu chabadilika kwa kasi gani, nasi twatafuta mwenendo wake wote. Chukueni maziwa ya nyuzi 80 katika chumba cha nyuzi 20: yamezidi chumba kwa 60. Ikiwa baada ya dakika 15 yamezidi kwa 30, basi baada ya dakika 15 nyingine yatazidi kwa 15, wala si sifuri. Kadiri tofauti inavyopungua, ndivyo kupoa kunavyokwenda polepole. Kanuni hiyo Newton wa Uingereza aliitoa mwaka 1701.

Mzee akacheka: "Hilo hata mama yake alijua!" Naam, alijua, kijana anafundishwa kuliandika.

Basi nikamsimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa yake ya moto yenye sukari yakiganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyewatembelea. Wenzake wakacheka. Lakini Osborne alijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Hata leo wataalamu wanabishana juu yake.

Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu nilinyamaza darasani kwa haya, nikijisemea nitaelewa kesho. Kesho lilikuja somo jingine juu ya lile. Nikarudia mtihani.

Wazazi, somo la haraka halimshindi mtoto kwa ugumu tu. Humshinda kwa kunyamaza. Msimwite nyumbani upesi, wala msimwambie mjinga. Mwulizeni, "Leo umeuliza nini?"

Mzee alipiga simu palepale: "Mwanangu, usirudi kwanza. Kesho simama, uliza swali moja. Wakicheka, waache wacheke."