Tusimnyang'anye Kijana Kushindwa Kwake

Bondia kijana akishinda, ushindi huwa wake na wa kijiji kizima. Akishindwa, watu humwahi kabla hajavua glovu wakamwambia kwamba hakushindwa. Ati mwamuzi alikwisha kulishwa. Ati maji aliyopewa kwenye kona yalitiwa kitu. Ati mpinzani wake amepunguza umri, ni mtu mzima mwenye watoto. Basi kijana hurudi kwao hana ushindi wala hana kushindwa. Ametoka ulingoni mikono mitupu. Tunaandika kuipinga desturi hiyo. Tumeiona ikitendeka mbele ya macho yetu mjini Musoma, na waliotenda hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wajomba zake, rafiki zake, na sisi wenyewe tulikuwamo.

Kijana tunayemsema ni mwanafunzi wa sekondari, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Butiama. Mikono yake ni myepesi kupita kiasi, na miguu yake ni ya mtoto aliyechunga ng'ombe vilimani tangu hajajua kusoma. Alikuwa amepigana mara sita na kushinda zote. Siku hiyo alikutana na mtu mfupi, mtulivu, asiye na madoido yoyote, aliyempiga mkono wa kulia katika raundi ya kwanza, akampiga mkono uleule katika raundi ya pili, na katika raundi ya tatu akamwangusha kwa mkono huohuo. Kijana alisimama kabla hesabu haijatimia, lakini magoti yalikuwa yamekwisha kutoa ushahidi wao, na mwamuzi akamaliza pambano. Mwamuzi yule alitenda haki. Twasema hivyo sasa. Jioni ile tulikaa kimya wakati wenzetu wakimwita mla rushwa.

Usiku uleule makundi matatu yalikwisha kugawana kijana wetu. La kwanza lilisema ameonewa. La pili lilisema amerogwa, na likawa linatafuta nauli ya kumpeleka kwa mtu fulani. La tatu, ambalo ndilo la hatari kuliko yote, lilisema dawa ya kuanguka kutoka kwenye farasi ni kumpanda tena upesi, likampangia pambano jingine Bunda baada ya siku 20. Hapakuwa na kundi la nne la kumwuliza: je, mkono ule wa kulia ulipitia wapi?

Wako watakaoshangaa kuona jambo la ngumi limeingizwa katika maandishi ya utamaduni wa Taifa. Watasema utamaduni ni ngoma, ushairi, litungu na methali za wazee. Hatukubaliani nao. Ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, mambo hayo mawili yaliwekwa chini ya paa moja, na wala si kwa bahati. Namna watu wanavyopokea kushindwa ni sehemu ya utamaduni wao kama ilivyo namna wanavyozika na wanavyooza. Taifa lenye desturi ya kutafuta mchawi kila linapoanguka litatafuta mchawi mavuno yakiharibika, mtihani ukishindikana, na kiwanda kikifungwa.

Nasi watu wa Mara tuna haya zaidi ya wengine katika jambo hili. Mwaka uleule wa 1962, mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, aliandika kijitabu akakiita Tujisahihishe. Hakukiita Wajisahihishe. Aliwaambia wanachama wa chama chake, waliokuwa bado na furaha ya Uhuru, kwamba umoja unataka watu waweze kukosoana na kuyakiri makosa yao wenyewe. Tena alikuwa mtu wa kulifanya jambo lenyewe. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963. Mtu mwingine, akiwa Rais, angeweza kuiacha hivyo hivyo, maana nani angemsahihisha? Mwaka 1969 ikatoka upya, imepitiwa na kurekebishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwandishi alirudi kwenye kazi yake akaangalia ilipolegea. Tunalitaja hili kwa sababu vijana wa mkoa huu hupelekwa Butiama kulizuru kaburi lake, wakaonyeshwa vitabu vyake na vitu vyake, wakarudi nyumbani bila kuambiwa habari hiyo ndogo ambayo ingewafaa kuliko picha zote walizopiga.

Tuseme na letu. Tulipokuwa vijana tulituma shairi katika gazeti moja, likarudishwa. Rafiki zetu wakatuambia kwamba mhariri hawapendi watu wa bara, kwamba ushairi ni mali ya pwani nao hawataki kuugawa. Maneno hayo yalikuwa matamu mno. Tuliyanywa kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili hatukuandika ubeti mmoja wenye maana. Hatimaye mzee mmoja, fundi wa mashairi ambaye yeye mwenyewe alikuwa wa bara kama sisi, alilichukua lile shairi akahesabu kwa vidole. Ubeti wa tatu, mstari wa pili, kipande cha kwanza kilikuwa na mizani saba badala ya nane. Ubeti wa tano ulikuwa na kina cha kulazimishwa. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Wale waliotufariji walituibia miaka miwili. Yule aliyetuaibisha ndiye aliyetufanya watunzi, kwa kadiri tulivyo watunzi.

Ndiyo maana hatuna subira na neno hili "kipaji". Walimu wenzetu, tazameni linavyotumika. Mtoto akisifiwa kipaji kila siku, huanza kuamini kwamba uwezo ni kitu alichopewa, na kilichotolewa hakihitaji kutengenezwa. Siku ya kuanguka hana la kufanya isipokuwa mawili: kusema kipaji kimeondoka, au kusema mtu amekichukua. Kijana wetu alikuwa na kasi ya mkono, na kwa kuwa alikuwa na kasi hiyo, hakuna aliyemsumbua juu ya njia ya mkono. Mapambano sita aliyoshinda yalimficha kosa lake. Lililomfunulia ni moja aliloshindwa.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Marekani, nao wafaa kusomwa darasani. Tarehe 19 Juni 1936, mjini New York, Joe Louis, kijana ambaye alikuwa hajashindwa katika ngumi za kulipwa na ambaye watu weusi wa nchi ile walimtegemea kama mkombozi, aliangushwa na Mjerumani Max Schmeling katika raundi ya 12. Schmeling alikuwa ameona kitu kimoja tu: Louis akisharusha mkono wa kushoto, aliurudisha chini badala ya kuurudisha usoni, na kwa nukta hiyo moja shavu lake lilikuwa wazi kwa mkono wa kulia. Louis na mwalimu wake, Jack Blackburn, hawakutafuta aliyetia kitu majini. Waliurekebisha ule mkono. Mwaka 1937 Louis akapata ubingwa wa dunia, lakini akasema asiitwe bingwa mpaka amshinde Schmeling. Tarehe 22 Juni 1938 walikutana tena, na pambano likaisha katika raundi ya kwanza.

Kwetu hapa tuna kumbukumbu ya ajabu, inayoshika maanguko na kusahau kuinuka. Kila mwanafunzi amesikia habari za John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968, akafika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ni habari njema, nasi hatuidharau. Lakini ni wangapi wanajua kwamba miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano? Katika michezo hiyohiyo ya 1970 bondia wetu Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati, akashindwa na Mwingereza John Conteh, akarudi na medali ya fedha. Conteh akawa bingwa wa dunia mwaka 1974. Basi Simba alishindwa na mtu wa namna gani? Swali hilo ni zito, na jibu lake lingemfundisha kila bondia wa nchi hii kupima umbali uliobaki. Sisi tuliridhika na medali.

Wala ugonjwa huu si wa zamani tu. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, na nchi nzima ikawa bondia. Septemba 2022 yeye akasimamishwa na Liam Smith mjini Liverpool katika raundi ya nne. Kwa majuma kadhaa Watanzania wakabishana juu ya viatu na kifundo cha mguu. Hatumlaumu Mwakinyo: mtu aliyeumia anajua maumivu yake, naye alirudi ulingoni akashinda tena. Tunawalaumu waliobishana, waliomwita mwongo na waliomtetea pia. Pande zote mbili zilizungumza juu ya viatu. Ni nani aliyekaa na vijana akawaonyesha raundi nne zile, pigo kwa pigo?

Turudi kwa kijana wetu, kwa maana zile siku 20 za Bunda zilikuwa zinapungua. Alikuwa ameficha jambo. Kila jioni kichwa kilimuuma, na mwanga wa taa ulimchoma macho. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliyeambiwa hakushindwa atawezaje kusema ameumia? Yasikieni hayo, enyi wafariji. Kanuni za kimataifa za ngumi za ridhaa kwa miaka mingi zilimtaka bondia aliyeangushwa au kusimamishwa kwa mapigo ya kichwa asipigane, wala asifanye mazoezi ya kupigana na mwenzake, kwa muda usiopungua siku 30. Ikimtokea mara mbili katika miezi mitatu, siku 90. Mara tatu katika mwaka, mwaka mzima. Ubongo uliotikiswa hauna subira na pigo la pili. Na hata palipo na madaktari na taa kubwa, ngumi huua: Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 kutokana na pambano.

Aliyegundua si kocha, wala si waandaaji. Ni mwalimu wake wa darasa, mwanamke asiyependa ngumi hata kidogo, aliyemwona amelaza kichwa juu ya dawati siku tatu mfululizo. Alimpeleka hospitali. Kisha akapanda basi mpaka Bunda, akawaambia waandaaji kwamba mwanafunzi wake hapigani. Matangazo yalikuwa yamekwisha kubandikwa. Alitukanwa, aliambiwa anamfundisha mtoto woga, na kwamba mwanamke hajui mambo ya wanaume. Akakaa pale kwenye kiti alichopewa mpaka jina la kijana lilipofutwa mbele ya macho yake, ndipo akarudi.

Alilofanya baadaye ndilo lililotutia aibu mpaka tukaandika makala hii. Aliwaita wanafunzi wote waliokuwa wamelitazama pambano, akawapa karatasi, akawaambia kila mmoja aandike alichokiona, si alichokisikia. Asiandike neno "alionewa", wala neno "kipaji". Zilikuwa insha 11, nyingine mbovu sana kwa sarufi, naye alizisahihisha zote kwa wino mwekundu kwa kuwa yeye ni mwalimu wa Kiswahili na hakuona sababu ya kuacha. Katika insha saba, bila watoto kuambizana, lilikuwamo jambo moja: akitupa mkono wa kushoto, anaurudisha kupitia kiunoni.

Kijana alizisoma mbele yake. Alipofika ya nne akaanza kulia, na mwalimu akamwachia alie. Kisha akauliza:

"Mwalimu, kumbe watoto wa kidato cha kwanza waliona?"

"Waliona, mwanangu. Kaa, zimebaki saba."

Wajomba wangali na kinyongo. Mmoja wao alituambia barabarani, pale Mwigobero, kwamba kijana ameharibiwa na shule, kwamba zamani mtu aliyepigwa alirudi kupiga. Tulimwuliza zamani ipi. Hakujibu, nasi hatukumsukuma zaidi, kwa maana yeye ndiye aliyemnunulia mpwa wake glovu za kwanza, tena kwa fedha ya ndama.

Hatujui kama kijana huyu atakuwa bingwa. Siku alizopewa na daktari zilipokwisha, kocha alimpokea tena, lakini kwa mwezi wa kwanza hakumruhusu kumpiga mtu. Kila alfajiri hukimbia kando ya ziwa wakati mitumbwi ya dagaa inarudi. Kisha husimama mbele ya ukuta, amefunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye mti, sawa na urefu wa bega lake. Hutupa mkono wa kushoto juu ya kamba, na huurudisha juu ya kamba. Mkono ukigusa kamba, mdogo wake aliyeketi juu ya ndoo huchora mstari ukutani kwa mkaa. Juma la kwanza mistari ilikuwa 63 kwa mikono 100. Tulipopita pale mara ya mwisho tulihesabu 19, na yule mtoto akatuambia tusizibe mwanga.