UKURASA WA JAMAA: Kuchagua ekutere isiyouma sikio wala mfuko



Mwezi huu tuongee juu ya kitu kidogo ambacho kila kijana anakitafuta: ekutere, ile ya kuweka mu masikio kwa kusikiliza simu ao redio. Mutu anaweza kuiuliza: je, hilo ni jambo la kuandikia mu gazeti? Ndiyo, ni jambo. Juu ekutere inanunuliwa tena kila wakati, lakini sikio halinunuliwi.

Tuchukue mfano wa Kanyaruchinya, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Nyumba mingi kule ni za mbao, zimejengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Jirani akikohoa, unamusikia. Ekutere inaleta amani mu nyumba ya namna hiyo: papa anasikiliza habari, kijana anasikiliza nyimbo za koro, mutoto mudogo analala.

Na kusikiliza kule si muchezo tu. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, kiisha tarehe 27 watu wa sehemu kubwa ya Goma wakaambiwa wahame. Vita ilileta wakimbizi wengi Kanyaruchinya mu 2012, na tena tangu 2022 mpaka kambi zilipoachwa mwanzo wa 2025. Mutu aliye chini ya shitingi anataka kujua kama barabara imefunguka na kama kwao kumetulia. Anasikiliza tangu asubui mpaka usiku. Sasa, mutu anayesikiliza saa mingi hivyo, achague nini?

Kwanza, ujue aina zake. Kuna ile ndogo ya plastiki tupu inayokaa mu mulango wa sikio. Bei yake ni ya chini, lakini haizibi kelele. Kuna ile yenye mpira laini unaoingia mu tundu la sikio. Hiyo inazuia kelele ya inje. Na kuna kaske (si ile ya motari!) inayofunika masikio yote mbili kwa sifongo. Kwa kusikiliza muda mrefu mu nyumba, kaske nyepesi yenye sifongo laini ndiyo inachosha kidogo zaidi, kama haibane kichwa.

Pili, uzi ao bila uzi? Ile ya bila uzi inapendeza, lakini inataka kuchajishwa, na kule umeme unapokatika ao kuchaji kunalipiwa, hiyo ni feranka ingine. Tena kuna siri moja: mu simu mingi zenye redio, uzi wa ekutere ndio antena. Ukiutoa, redio inanyamaza. Kwa mutu wa habari, uzi bado una kazi. Lakini uangalie kwanza kama simu yako ina tundu la duara la ekutere, juu simu zingine mupya hazina.

Tatu, ujaribu mbele ya kulipa. Ukiwa Birere ao soko la Virunga, usione haya. Sema: "Patroni, niache nijaribu kwanza." Kisha ufanye hivi:

1. Tafuta herufi. L ni sikio la kushoto, R ni la kulia. Ukizigeuza, ekutere mingi zinauma bure.
2. Sikiliza sauti ya mutu anayesema, si muziki wenye ngoma peke yake. Maneno yakisikika wazi na sauti ikiwa chini, hiyo ni nzuri.
3. Pinda uzi kidogo karibu na chuma kinachoingia mu simu. Sauti ikikatika, uache. Pale ndipo inakufa mbele.
4. Ikae mu sikio muda wote unapoongea bei. Ikianza kuuma pale pale, nyumbani itauma zaidi.
5. Ile ya mpira, uliza kama kuna mipira ya kipimo kingine. Masikio ya watu hayalingane.

Vijana wengi wanasema: "Hii iko na sauti kali, niipe!" Hapo ndipo tunapotea. Ekutere isiyokaa vizuri inaingiza kelele ya inje, nawe unapandisha sauti ili uishinde. Ile inayokaa vizuri inakuacha usikilize chini. Basi usilipie ukali, ulipie kukaa vizuri.

Na sababu ni hii. Ndani ya sikio kuna chembe zenye nywele ndogo sana zinazopokea sauti. Zikikufa, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema mukubwa anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 mu juma moja. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu mu juma nzima. Kwa watoto, kipimo cha saa 40 ni desibeli 75. Huna mashini ya kupima? Usipitishe sauti asilimia 60 ya nguvu ya simu. Na mutu akikusemesha karibu na wewe usimusikie, iko juu sana. Masikio yakilia "ngiii" kiisha kutoa ekutere, yamekwisha kuchoka. Uyapumzishe, na kesho upunguze.

Ninyi mulio mu machimbo, muangalie zaidi. Aliyefanya kazi siku nzima karibu na mashini ya kutoboa mawe ao ya kupeleka hewa, masikio yake yamekwisha kula kelele ya siku hiyo. Asiongeze ingine usiku. Na mu shimo, hata kidogo! Mutu wa shimo anasikiliza jiwe likianza kusogea, na mwenzake akimuita. Vilevile juu ya moto na kando ya barabara. Usiku nyumbani, acha sikio moja wazi. Siku ya Nyiragongo, jirani ndiye anapiga kelele ya kwanza.

Mwisho, usafi. Vumbi nyeusi ya kwetu inaingia popote. Toa mipira, ioshe na maji na sabuni, ikauke kabisa. Usiazimane ekutere na mutu ambaye sikio lake linatoa usaha, na wewe likikutoa, uache ekutere, uende kwa munganga.

Wazazi, leo jioni muombe kijana ekutere yake. Musikilize sauti aliyoiacha mu simu. Kama inawashitua, mukae naye, muongee polepole, bila kumugombeza.

Mubaki na amani mpaka mwezi ujao.