Mapafu ya Mafundi Wetu

Si jambo geni visiwani kwetu kumwona fundi akichomelea geti ndani ya banda lisilopitisha upepo, kitambaa kimefungwa puani, kisha jioni akanywa maziwa ili kusafisha kifua. Maziwa, tuseme kweli, hushukia tumboni. Moshi na vumbi la chuma vimekwisha tua mapafuni. Bomba lililopakwa zinki likichomelewa huweza kumtia homa ya baridi usiku uleule, akadhani ni malaria. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuhesabu moshi huo miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu.

Serikali huagiza madirisha ya chuma ya skuli zetu. Basi na iandike katika mikataba yake: kazi ifanyike mahali pa wazi, na kila fundi, pamoja na mwanagenzi, apewe barakoa yenye chujio.