Homa ya Ini: Tupime Kabla ya Macho Kuwa Manjano

Hapa Pweto mtu akigeuka macho manjano, huyu husema amelogwa, yule husema ni malaria iliyozidi. Malaria nayo yaweza kuyageuza macho, hatukatai. Ndiyo sababu kupima kunapita kukisia. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B na C vyaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuumiza. Tumbo linapojaa maji, ini limekwisha kuharibika.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na aina ya B. Waliopimwa na kujua hali yao walikuwa 13 tu kwa mia. Katika kanda ya Afrika hawakufika hata 5.

Virusi vya B hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa. Nje ya mwili huweza kuishi siku 7. Basi wembe mmoja wa chale unaozungushwa kwa watoto wa nyumba nzima si suala la mila peke yake, wala wembe wa kinyozi si suala la usafi wa nywele.

Uzito mkubwa uko kwa mtoto mchanga. Akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 hubaki na virusi maisha yake yote. Mtu mzima ni chini ya mara 5 kwa mia. Chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 ina kinga ya B ndani yake, lakini kwa aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa, wiki ya 6 ni kuchelewa: kinga yake hutakiwa ndani ya saa 24. Kwa hiyo fedha zikiwa haba, sisi twaona mama mja mzito apimwe kwanza, kisha wachumba. Wachumba wengi hukubali kupima Ukimwi kabla ya ndoa. Mbona ini linasahauliwa?

Aina ya A na E ni habari nyingine, za maji na chakula vilivyoingiwa na kinyesi. Sisi tunaochota ziwani Mwero tunajua la kufanya: choo, sabuni, maji ya kuchemsha. E ni hatari zaidi kwa wajawazito.

Na atakayekutwa na virusi? Aina ya C sasa huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Ya B haiponi kwa urahisi, lakini hutulizwa. Tenofovir, kidonge kinachotumika pia kwa Ukimwi, ni dawa yake, na si kila mgonjwa huihitaji mara moja. Aache lutuku, asinywe mizizi asiyoijua, arudi kwa daktari kila alipoagizwa. Mchumba na ndugu zake wapimwe na kuchanjwa. Kikombe chake kisitengwe, kwa maana B na C haziambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kupeana mkono wa amani kanisani.