Hila ya Neno la Kutafutia

Katika biashara ya maandishi ya intaneti imezuka kanuni moja ifundishwayo kana kwamba ni sarufi. Kanuni hiyo yasema kwamba mwandishi achague kwanza neno ambalo watu hulitumia kutafuta habari, kisha alirudierudie katika kichwa, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa makala, ili mtambo wa kutafutia uliona neno hilo uiweke makala yake mbele ya makala za wengine. Wapo walimu wa kazi hii waliofika hata kuweka vipimo: neno lirudi mara mbili au tatu katika kila maneno 100. Mpishi hupima chumvi kwa kijiko, lakini huonja. Walimu hawa hupima tu, hawaonji.

Haki isemwe kwanza. Asili ya jambo hili si mbaya, kwa maana neno la kutafutia ni neno la msomaji mwenyewe. Mkulima mwenye swali juu ya mahindi husema mahindi; bwana shamba akiliandika zao hilo kwa jina la Kilatini peke yake, amewaandikia wenziwe. Mwandishi atiaye neno la watu katika kichwa cha makala yake afanya kama mwenye duka aandikaye juu ya mlango kile anachouza. Hakuna wa kumlaumu. Lawama huanza pale kibao hicho kinapopigiliwa mlangoni, dirishani, ukutani na darini, na ndani ya duka hamna bidhaa.

Tamaa hii ina historia, nayo yafaa ikumbukwe. Mitambo ya mwanzo, kama AltaVista iliyofunguliwa mwaka 1995, ilitegemea sana maneno yaliyomo katika ukurasa. Wajanja wakautambua udhaifu huo, wakaandika neno moja mara mamia, wengine kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili mtambo usome na mtu asione. Google, iliyoanzishwa na Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998, ilileta kipimo kingine: viungo vinavyouelekea ukurasa kutoka kurasa za watu wengine vikawa ushahidi wa thamani yake. Hila haikukoma. Mwezi wa Februari 2006 Google iliiondoa kwa siku chache tovuti ya Kijerumani ya BMW, kwa kuwa ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno ya kuuzia magari yaliyokwisha tumika. Mtambo ulisomeshwa kurasa hizo, na mtu aliyezifungua alipelekwa penginepo. Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba orodha ya maneno ifichwayo ndani ya ukurasa haihesabiwi katika kupanga matokeo. Februari 2011 badiliko liitwalo Panda liligusa karibu maswali 12 katika kila 100 huko Marekani, likazishusha kurasa nyingi zisizokuwa na uzito. Oktoba 2019 mbinu ya BERT iliingizwa ili neno lipate kufahamiwa kwa maneno yanayolizunguka. Machi 2024 zikatolewa kanuni dhidi ya kurasa zizalishwazo kwa wingi kwa ajili ya kupanda juu tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Njia ya mwongo ni fupi, na hii imezidi kufupishwa kila baada ya miaka michache.

Lakini hata kama hila hii ingalifaulu siku zote, ingalibaki kuwa mbaya, na ubaya wake ni mkubwa zaidi katika Kiswahili. Neno la Kiswahili haliketi mahali pamoja bila kujibadili. Kulima huzaa mkulima, kilimo, kulimika na kulimisha. Nomino huvuta viambishi vya ngeli yake katika sifa na katika kitenzi. Mtu atafutaye habari huandika kwa mkato, kama zamani mtu apelekaye telegramu na kulipia kila neno: "mbegu bora mahindi Mbeya." Huyo hakukosa, kwa maana anauliza. Akosaye ni mwandishi auokotaye mkato huo na kuutia mzima mzima katika sentensi zake: "Mbegu bora mahindi Mbeya ni muhimu sana, na kila atakaye mbegu bora mahindi Mbeya asome hapa juu ya mbegu bora mahindi Mbeya." Mkulima alitaka kujua ni mbegu ipi ifaayo kwa baridi ya nyanda za juu, ambako mahindi hukawia kukomaa kuliko pwani, apande lini, na mashimo yaachane kiasi gani. Amerudishiwa swali lake mara tatu, na jibu hakupewa.

Watetezi wa kanuni husema kwamba kurudia ni desturi ya fasihi yetu. Ni kweli kwamba shairi hurudia kibwagizo mwishoni mwa kila ubeti. Lakini kila kirudipo, kibwagizo hukuta ubeti mpya uliokiongezea maana. Neno lililosongwa katika makala hurudi mikono mitupu.

Husema pia kwamba mwandishi ni mtu mwenye tumbo. Asiyeonekana hasomwi, na asiyesomwa halipwi. Hoja hii ina uzito, nayo haijibiwi kwa dharau. Hata hivyo, kuonekana ni mlango wa kusomwa tu, na msomaji aliyedanganywa mlangoni hutoka upesi na hukumbuka jina la mwenye nyumba.

Linalohatarishwa hapa lapita riziki ya mwandishi mmoja. Msomaji wa Kiingereza aliyekutana na ukurasa mtupu ana kurasa nyingi nyingine za kukimbilia. Kiswahili kina wasemaji wengi na kurasa chache, na kila ukurasa wa hila hukalia nafasi ya ukurasa wa elimu. Tena mashine za siku hizi zijifunzazo lugha hulishwa maandishi ya mtandao. Kiswahili kilichovunjwa leo ili kuupendeza mtambo chaweza kurudi kesho kwa mwanafunzi, kutoka katika mtambo huohuo, kikiwa kimevaa joho la mwalimu.

Mwanafunzi wa lugha aingiaye katika kazi hii, na wengi wataingia, asiikimbie wala asiiabudu. Alitafute neno la msomaji, alitie katika kichwa na katika aya ya kwanza, kisha aliache litembee kwa sarufi yake, likiambatana na visawe na jamaa zake. Akimaliza, aisome makala kwa sauti mbele ya mtu. Kisha alifute neno lile kila lilipo na kutazama kilichosalia. Kama hakikusalia kitu cha kumfaa mkulima wa Mbeya, basi makala haijaandikwa bado.