Nidhamu Pekee Haizalishi
Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita anadai wakunga wanatosha, kinachokosekana ni nidhamu. Ushahidi wake: vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Takwimu ni sahihi. Hitimisho ndilo bovu. Katika kipindi hichohicho, uzazi katika vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, yaani kazi wodini iliongezeka. Mzazi anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, akiwa anamzalisha mwingine, atamwonaje? Lugha chafu ya wakunga kwa wazazi ikemewe, sawa. Lakini karipio halijazi pengo kwenye ratiba ya zamu. Serikali iajiri.